Sindano ya Kuzuia Kutapika Hutangulia Kutapika

Wagonjwa wengi wanaotumia dawa za saratani kwa dripu hudhani kuwa sindano ya kuzuia kutapika hutolewa mtu anapoanza kutapika. Sivyo. Ondansetroni, dawa inayotumika sana kwa kazi hiyo, huchomwa mshipani takriban nusu saa kabla ya dripu, mara nyingi pamoja na deksamethasoni. Dawa za saratani, hasa sisplatini, huzichokoza seli za utumbo zikamwaga kemikali iitwayo serotonini, nayo huamsha neva zinazopeleka taarifa kwenye ubongo. Ondansetroni huifunga njia hiyo mapema. Taarifa ikishafika, kuizima ni kazi ngumu.

Kwa mgonjwa wa upasuaji, sindano hiyo kwa kawaida hutolewa akiwa bado katika usingizi wa dawa.

Linalosahaulika ni kutapika kwa siku ya pili na ya tatu, mgonjwa akiwa amekwisharudi nyumbani. Hapo ndipo wengine hukata tamaa na kuiacha tiba. Vidonge alivyopewa avimeze kwa saa alizoelekezwa, hata kama hasikii kichefuchefu, na kabla ya dripu inayofuata amweleze muuguzi alitapika mara ngapi, maana dawa huweza kuongezwa au kubadilishwa. Kuumwa kichwa na kufunga choo ni maudhi ya kawaida. Mwenye ugonjwa wa moyo aseme kabla ya kuchomwa sindano, kwa kuwa ondansetroni huweza kuvuruga mapigo yake. Anayetapika hata maji asisubiri tarehe ya kliniki. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.