SOMO: BARUA YA URITHI USIOUTAZAMIA



Mwezi uliopita mama mmoja mjane wa mtaa wetu alinijia na barua iliyofika katika simu ya mwanawe. Mwandishi alijiita mwanasheria wa London. Alisema kwamba tajiri mmoja "mwenye jina la ukoo wenu" amekufa ajalini bila mrithi, naye ameacha dola milioni 8. Mama atume dola 450 za kufungulia fedha hizo, tena asimwambie mtu. Alikuwa amekwisha kupata mnunuzi wa ng'ombe wake wawili.

Sikumkemea. Tuliketi tukaisoma barua kama watoto wanavyosoma somo la ufahamu, kwa kuuliza maswali.

1. Anaandikiwa nani? Barua ilianza, "Mpendwa Mrithi." Jina lake halimo, wala la huo ukoo halikutajwa. Barua ya namna hiyo yaweza kutumwa kwa watu elfu.

2. Marehemu ni nani kwetu? Mama alinihesabia baba na babu zake. Hakuna aliyevuka bahari. Tena, kwa sheria ya Uingereza, mtu akifa bila wosia wala jamaa, mali yake huwa ya Taji. Haipewi mgeni kwa kufanana majina.

3. Nani anatoa fedha kwanza? Hapa ndipo penye kiini. Gharama za mirathi ya kweli hutolewa katika mali ya marehemu. Anayekutaka ulipe ndipo upokee, ukimpa hizo 450 atazua kodi, kisha bima, mpaka mfuko ukauke.

4. Kwa nini iwe siri? Mirathi ni jambo la wazi. Kwetu mahakama humteua msimamizi, na ukoo hujua. Uingereza nako, wosia ukiisha kuthibitishwa, mtu yeyote aweza kuomba nakala yake kwa kulipa ada.

5. Je, mwandishi ndiye? Jina la mwanasheria laweza kuwa la kweli, lakini limeibwa. Usipige namba iliyo katika barua. Mtafute katika orodha ya mawakili.

Ujanja huu si mpya. Katika karne ya 19 watu wa Ulaya na Marekani waliandikiwa habari za mfungwa aliyeko Hispania, mwenye hazina, anayehitaji fedha kidogo tu. Siku hizi wengi huuita "419", kwa kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria kinachokataza udanganyifu.

Tulipomaliza, mama alilia. Alikuwa akitafuta karo ya mjukuu. Basi tusiwacheke wanaonaswa. Mara nyingi ni haja iliyowapeleka, si ujinga. Uliyekwisha kulipa, usijifiche kwa aibu: acha kutuma, tunza barua na risiti, nenda polisi.

Ng'ombe wangali zizini.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
(a) Nani katika nyumba yetu aweza kupokea barua kama hii, naye atamwonyesha nani kwanza?
(b) Je, jirani mwenye haja ya karo anajua kwamba aweza kutuambia?