Liache Titi Lijiandae Lenyewe

Kipupwe kikiingia Mlali, wilayani Kongwa, upepo hukausha kila kitu. Midomo hupasuka, visigino huchanika, na mama mwenye mimba ya miezi minane hujikuta anajikuna kifuani usiku kucha. Titi limekua, ngozi imevutika, hewa kavu inamalizia. Michirizi unayoiona ni ngozi iliyotanuka. Itafifia baada ya kujifungua, ingawa haifutiki kabisa. Ukishaoga, paka titi mafuta kidogo ya alizeti au mafuta ya mgando yasiyo na manukato ngozi ingali na unyevu, ila chuchu uiache.

Chuchu ina mafuta yake. Itazame kwa karibu mchana kweupe: duara linaloizunguka limekuwa jeusi na pana, na juu yake vimeota vipele vidogo kama punje za uwele. Si chunusi, usivitumbue. Ni tezi zinazotoa mafuta ya kulainisha na kukinga ngozi ile; daktari wa Ireland, William Montgomery, alizieleza mwaka 1837, na hadi leo zinaitwa kwa jina lake.

Sabuni huyaondoa mafuta hayo, kwa hiyo usiipitishe kwenye chuchu. Hata katika nyumba ambayo ndoo ya maji inahesabiwa, kikombe kimoja cha maji safi kinatosha. Kuna asubuhi utakuta gaga la njano limenata kwenye nguo. Hiyo ni dang'a, maziwa ya kwanza, ambayo mwili huanza kuyatengeneza tangu karibu wiki ya 16. Usilibandue kwa kucha. Weka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu mpaka gaga lilainike, futa taratibu, kausha kwa kugusagusa. Mwenzako anaweza asitoe hata tone hadi siku ya kujifungua, na bado akanyonyesha vizuri.

Bibi na mama mkwe, tunawaomba hapa mtusikilize. Wapo wanaoshauri chuchu isuguliwe kwa dodoki au kuvutwa kila siku ili ikomae. Nia ni njema, lakini kusugua huchubua ngozi na kufungua njia ya vijidudu, na kuichezea chuchu kwa muda mrefu huweza kuamsha uchungu kabla ya wakati. Chuchu bapa nayo isimtie mama hofu. Mtoto hunyonya kwa kukamata sehemu kubwa ya titi, na mkunga atamwonyesha mama namna ya kumweka.

Weusi wa chuchu usiung'arishe. Krimu zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku Tanzania, na zebaki humfikia mtoto tumboni.

Yapo mabadiliko yasiyotokana na mimba tu: uvimbe usioondoka, ngozi iliyokunjamana na kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje ikaanza kuzama, kidonda au ukurutu wa chuchu moja usiopona, damu kwenye chuchu, titi jekundu, la moto, pamoja na homa. Saratani ya titi ni nadra kwa mjamzito, lakini ikitokea huchelewa kujulikana, kwa sababu uvimbe hujificha ndani ya titi lililojaa na kila mtu nyumbani husema ni mimba. Mwache mhudumu ndiye aseme, baada ya kulipapasa titi. Akikuandikia kipimo cha ultrasaundi, kifanye bila wasiwasi, hakimdhuru mtoto. Vilevile muwasho wa viganja na nyayo usio na upele, hasa usiku, unaweza kutokana na tatizo la ini, nao unahitaji kupimwa haraka.

Baba, weka kando nauli ya bodaboda mapema. Mama akiona dalili mojawapo kati ya hizi aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki bado iko mbali.