Anza na Tumbo: Namna Nilivyounda Wanyonya Damu Walio Hai

Ukitaka kuunda wanyonya damu wako mwenyewe, wanaozaliwa, wanaougua na kuzeeka kama viumbe wengine, yaache meno kwanza. Achana pia na joho, jeneza na macho mekundu. Chukua karatasi uandike swali moja: huyu kiumbe anahitaji damu kiasi gani kwa siku, na ataipata kwa nani? Nimekuwa nikiandika hadithi za kubuni kwa muda mrefu, na sijapata swali lingine linalozaa mambo mengi kama hilo.

Fanya hesabu pamoja nami. Damu ni maji kwa sehemu kubwa, karibu asilimia 80. Kinachobaki karibu chote ni protini. Mafuta ni machache na sukari ni kidogo mno. Lita moja ina protini kama gramu 200, yaani nguvu ya kalori 800 hivi. Mtu mzima wa kazi za kawaida anahitaji kalori 2,000 na zaidi, kwa hiyo kiumbe mwenye mwili kama wetu anayeishi kwa damu tupu atataka karibu lita 3 kila siku. Wewe na mimi tuna lita 5 hivi mwilini mwote. Sasa tazama upande wa mtoaji. Anayechangia damu hospitalini hutoa mililita 450, kisha mwanamume hungoja miezi 3 na mwanamke miezi 4. Ukigawa kwa siku, hata kwa mwanamume ni mililita 5 tu. Mnyonya damu mmoja asiyetaka kuua mtu angehitaji watu 600 wa kumlisha, na ukoo mmoja ungemaliza mji.

Waandishi wengi wakifika hapa huokolewa na uchawi. Mimi naona hapa ndipo penye utamu. Hesabu ikikataa, kiumbe analazimika kubadilika, na kila badiliko humpa tabia, mila na historia. Njia ziko mbili: punguza ulaji wake, au mtafutie mtoaji mwingine. Nilizitumia zote mbili.

Kwa habari ya mwili, mwalimu wangu alikuwa popo. Popo wanaoishi kwa damu wako aina tatu tu duniani, na wote ni wa bara la Amerika. Yule wa kawaida, mwenye uzito wa gramu 30 au 40 hivi, hunywa damu inayokaribia nusu ya uzito wake kwa mlo mmoja. Angebaki na maji yote hayo asingeweza kuruka, kwa hiyo huanza kukojoa dakika chache tu baada ya kuanza kunywa. Hafyonzi kabisa, huchanja ngozi kwa meno ya mbele ya juu, si kwa chonge, kisha hulamba, na mate yake huzuia damu isigande. Akikosa chakula siku mbili au tatu mfululizo, anakufa. Mtafiti Gerald Wilkinson, aliyewachunguza huko Costa Rica na kuchapisha matokeo yake mwaka 1984, alionyesha kwamba popo aliyeshiba humtapikia damu mwenzake mwenye njaa, na anayesaidiwa sana ni ndugu au mwenzi wa karibu aliyezoea kulala naye mahali pamoja.

Soma aya hiyo tena ukiwa na kalamu mkononi. Humo nimepata nusu ya utamaduni wa watu wangu, ambao nimewaita Wakeshaji. Wanalala mchana kutwa, mwili ukipoa na moyo ukienda polepole, na hiyo inawapunguzia mahitaji hadi lita 1.5 kwa siku. Choo chao hujengwa karibu kabisa na mahali pa kulia. Protini nyingi huacha taka nyingi za kukojolewa, kwa hiyo kijiji chao unakinusa kabla ya kukiona, na mkojo huo wanaulainishia ngozi za kuuza. Ndiyo maana katika ulimwengu wangu viatu bora vyote hutoka kwao, na watu wanaowaogopa wanavivaa kila siku.

Lakini kilichonishika zaidi ni madini ya chuma. Lita moja ya damu ina chuma kama miligramu 500, ilhali mwili wa binadamu unahitaji miligramu chache tu kwa siku. Utumbo wa Mkeshaji lazima uzuie sehemu kubwa, na choo chake ni cheusi tititi, ila kidogo hupenya na kujilimbikiza mwaka baada ya mwaka. Tunajua chuma kikizidi mwilini mwa mtu kinafanya nini: ini linaharibika, viungo vinauma, ngozi inageuka rangi na kuelekea ya shaba. Basi wazee wa Wakeshaji wana rangi ya shaba, na rangi hiyo ni heshima. Kijana hathubutu kukaa kabla mwenye ngozi ya shaba hajakaa. Tena, hospitalini mtu aliyezidiwa na chuma hutibiwa kwa kutolewa damu. Nilipoliweka jambo hilo pamoja na habari ya popo kulishana, desturi kubwa kuliko zote ikajitokeza yenyewe: kila mwezi mzee hutolewa damu ili apone, na damu hiyo hupewa jirani ambaye ng'ombe wake wamekauka. Mzee anatibiwa kwa kulisha. Asiyekuwa na wa kumlisha anaugua haraka, na ndiyo sababu mtu kufukuzwa kijijini kwao ni hukumu ya kifo hata kama amepewa kundi zima la mifugo aondoke nalo.

Nimetaja ng'ombe. Hapa sikuhitaji kwenda mbali. Wamasai hufunga shingo ya ng'ombe kwa ukanda ili mshipa uvimbe, hupiga mshale mfupi uliozuiliwa usizame sana, hukinga damu kwa kibuyu, huziba jeraha, na mnyama hurudi malishoni. Damu huchanganywa na maziwa, na hupewa hasa wanaohitaji nguvu, kama mama aliyejifungua au kijana aliyetoka kutahiriwa. Ni ujuzi wa mfugaji anayejua mnyama aliye hai anaweza kutoa nini bila kuumia. Sikuwafanya Wamasai kuwa wanyonya damu, na nakusihi nawe usifanye hivyo. Nilichokopa ni swali la mfugaji: ng'ombe mmoja anavumilia kiasi gani?

Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 ana damu lita 14 hivi. Katika ulimwengu wangu niliamua atoe lita 2 kwa mwezi. Mkeshaji mmoja anahitaji lita 45 kwa mwezi, yaani ng'ombe 22 au 23. Nyumba ya watu wazima wanne inahitaji ng'ombe 90, na ng'ombe 90 wanahitaji nyika pana, visima na njia za kuhama. Ghafla wanyonya damu wangu wakawa na kesi za mipaka, ugomvi wa maji na wasiwasi wa mvua. Kungoja giza nako kukapata sababu: usiku mifugo imetulia zizini. Mtu mzima hutumia kisu chembamba cha jiwe. Kung'ata ni kwa watoto, na mkubwa akionekana ameng'ata mnyama anaaibisha ukoo.

Watoto wenyewe niliwapata Ziwa Victoria. Huko Kenya na Uganda yuko buibui mdogo mrukaji, Evarcha culicivora, anayependa kula mbu waliokwisha kunywa damu. Midomo yake haiwezi kutoboa ngozi ya mnyama, kwa hiyo damu anaipata kupitia kwa mbu. Nami nikawapa watoto wa Wakeshaji kazi ya kuwaokota kupe walioshiba na kuwatafuna wakichunga. Ng'ombe wanapona, watoto wanashiba, na msomaji anasisimka bila tone la damu kumwagika.

Uzazi unahitaji muda wako. Mbu jike ndiye anayeuma, kwa ajili ya mayai yake. Mbung'o huzaa buu mmoja mmoja, humlisha tumboni kwa maziwa, na kumpa kupitia maziwa hayo bakteria wanaotengeneza vitamini ambazo damu haina. Kutoka kwao nilichukua mambo mawili. Kwanza, mama Mkeshaji humlisha mtoto kwa kinywa chake, na bila malisho hayo mtoto hataweza kamwe kuishi kwa damu. Pili, mimba inahitaji kitu kilichomo katika damu ya binadamu tu. Si nyingi: kikombe kimoja kila mwezi, kwa miezi kumi. Kwa hiyo kila familia ya Wakeshaji inahitaji rafiki binadamu, na urafiki huo niliujenga juu ya undugu wa kuchanjiana uliojulikana sana Afrika Mashariki, ambao wawili wakishachanjana wanadaiana ulinzi, ukarimu na siri. Hapo mnyonya damu ana shemeji, ana madeni, ana mtu wa kumpigia hodi usiku akiwa na zawadi mkononi.

Kanuni za zamani usiziogope. Dracula wa Bram Stoker, wa mwaka 1897, anatembea mchana. Jua lilianza kuua katika filamu ya Nosferatu ya mwaka 1922. Kila aliyekuja alichagua. Octavia Butler katika Fledgling, mwaka 2005, aliwafanya wanyonya damu kuwa jamii hai iishiyo pamoja na binadamu, na ngozi nyeusi ya mhusika wake mkuu ni kinga dhidi ya jua. Isome kabla hujaanza.

Jina ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Ukiweka "Wa-" mbele ya silabi mbili za kubuni, huenda umetaja kabila la watu halisi. Na huku kwetu habari za kunyonya damu si mchezo. Wengi wa pwani tumekua tukitishwa na mumiani, yule anayesemwa kunyonya watu damu. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi ya namna hiyo Kenya na Uganda na kuyatolea kitabu mwaka 2000; mjini Nairobi wakati wa ukoloni ilisemwa kwamba wazimamoto hukamata watu na kuwatoa damu. Masimulizi hayo yanazungumzia wenye nguvu wanaochukua kisicho chao. Lakini uvumi kama huo umegeuka pia kuwa marungu: mwaka 2017, kusini mwa Malawi, makundi yaliwaua watu walioshukiwa kunyonya damu. Ndiyo maana watu wangu nimewapa jina la kazi yao ya usiku, hawafanani kwa sura na kabila lolote, na hakuna mahali kitabuni ambapo kumtambua mnyonya damu na kumuua kunatatua jambo.

Ukishafika hapa, kisa hakitafutwi mbali; angalia ni nguzo gani ikivunjika nyumba yote inaanguka. Kwangu ni mifugo. Sotoka ya miaka ya 1890 iliteketeza ng'ombe karibu wote wa Afrika Mashariki na kuwaacha wafugaji na njaa ya kutisha. Nimewapelekea Wakeshaji ugonjwa wa namna hiyo. Katika msimu mmoja nyumba ya ng'ombe 90 inabaki na 7. Wazee wa rangi ya shaba wanajitoa damu kila wiki badala ya kila mwezi, na bado haitoshi. Wajawazito kijijini ni 11, na ndugu wa kuchanjiana wa ng'ambo ya mto nao wamepoteza ng'ombe zao, wamedhoofika. Baraza la Wakeshaji linakaa kuamua iwapo watavuka mto kuomba au kuchukua, na anayepewa nafasi ya kwanza kusema ni mama wa mimba ya miezi minane, ambaye shemeji yake wa kuchanjiana ana homa. Sura ya kwanza inaanzia hapo.