Moja Mara Mbili: Tuielewe Lugha ya Hospitalini

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Mimi nilijifanya mjuzi nikakataa kuuliza, nusura yatufike makubwa.

Siku moja nikiwa kidato cha pili, Kogo (ndivyo sisi Wakipsigis tumwitavyo nyanya) alirudi kutoka zahanati akiwa na kibahasha cha tembe za presha. Juu yake paliandikwa 1 x 2. Hakuna aliyemweleza maana yake. Kwa kuwa mimi ndiye msomi wa boma, aliniletea nimsomee. Nikapiga hesabu: moja mara mbili ni mbili! Nikampa tembe mbili kwa pamoja, akameza, akajitwika kikapu mgongoni akaenda kuchuma majani chai. Kabla ya saa nne jirani zetu walimleta nyumbani wakimshika mikono huku na huku. Kizunguzungu kilikuwa kimemwangusha katikati ya michai.

Tulipomrudisha zahanati, muuguzi aliniambia, "Kijana, hesabu yako ni sawa, lakini mwili si daftari." Presha ilikuwa imeshuka ghafla mno. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyakusanya maneno ya hospitalini. Haya hapa machache, wanachama wenzangu.

(a) 1 x 2. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya tembe, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Basi 1 x 2 ni tembe moja asubuhi na moja jioni, yaani takriban kila baada ya saa 12. 1 x 3 ni kila baada ya saa 8. Wengine huandika BD (mara mbili kwa siku) au TDS (mara tatu). Herufi hizo zimetoka katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Si ajabu zinatushinda!

(b) Presha. Kwa Kiswahili sanifu ni shinikizo la damu. Wengi hudhani mwenye presha ni mtu wa hasira au mawazo mengi. La hasha! Ni nguvu ambayo damu husukumia kuta za mishipa. Ukisikia 120 kwa 80, namba ya kwanza ni moyo unapojikaza, ya pili ni moyo unapolegea. Ikipimwa mara kadhaa na kupatikana 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya juu. Aghalabu haina dalili yoyote, kwa hivyo kujisikia vizuri si sababu ya kuacha dawa.

(c) Chanya na hasi. Darasani chanya ni jambo zuri. Maabarani ni kinyume! Ukipimwa malaria na jibu liwe chanya, maana yake vijidudu vimeonekana. Hasi ni kwamba havikuonekana. Maneno haya yatufaa sana hapa kwetu, kwani katika miaka ya 1990 malaria ilizuka mara kwa mara hata huku kwenye baridi, katika mashamba ya chai ya Kericho.

(d) Rufaa. Kogo alipoambiwa kwamba huenda akapewa rufaa, aliuliza kwa hofu, "Kwani nimeshtakiwa na nani?" Tulicheka, lakini swali lake lilikuwa na msingi. Neno hili lina asili ya Kiarabu, lenye maana ya kuinua. Kesi huinuliwa hadi mahakama ya juu. Mgonjwa naye huinuliwa hadi hospitali kubwa zaidi, mathalani Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Kericho. Kupewa rufaa si kukatiwa tamaa.

(e) Sugu. Ugonjwa sugu, kama vile kisukari, ni ule unaokaa na mtu kwa muda mrefu. Haimaanishi kwamba atakufa kesho. Lakini vijidudu sugu ni vile visivyosikia dawa tena, na mojawapo ya sababu ni sisi kutumia dawa kiholela.

Waama, wenzangu, dawa ya haya yote ni moja. Kabla ya kutoka kwa daktari, mrudilie kwa maneno yako mwenyewe: "Kwa hivyo nimeze moja asubuhi na moja jioni, sivyo?" Ukikosea atakusahihisha papo hapo, nawe hutaaibika. Afadhali aibu ya dakika moja kuliko majuto ya maisha.

Kogo angali anachuma chai. Kila jioni huniita, hunionyesha tembe moja kiganjani na kunitania, "Msomi, hii ni ngapi?"

Zoezi
1. Mgonjwa ameandikiwa 2 x 3 kwa siku 5. Atameza tembe ngapi kwa jumla, na kwa mpangilio gani?
2. Tunga sentensi mbili kuonyesha maana mbili za neno "rufaa".
3. Muulize mzee mmoja nyumbani dawa yake ni ya nini. Je, anajua?