Pima kwanza, fremu baadaye
Al-Murabba maana yake ni mraba, na mpango wa Doxiadis wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 uliigawa Riyadh kwa miraba ya kama kilomita 2 kwa 2, barabara kuu zikipita pembeni mwake. Barabara ilitangulia duka. Kwetu Tanzania duka hutangulia, halafu anakuja mtu na kopo la rangi.

Wengi tunatuma hela nyumbani ijengwe fremu kando ya lami. Basi tusikilizane. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, ukipimia katikati ya barabara (siyo ukingo wa lami!). Aliyejenga ndani ya 22.5 hupigwa X nyekundu, fidia hakuna. Aliyekutwa kihalali na ile nyongeza hupigwa X ya kijani, analipwa. Anayejenga humo leo hana chake.

Tena 30 si ya kila mahali. Kimara hadi Kiluvya zilihesabiwa mita 121.5, na bomoabomoa ya 2017 ikafuata kipimo hicho.

Leseni ya halmashauri inakuruhusu kuuza, haikupi ardhi. Muhuri wa serikali ya mtaa ndiyo kabisa. Mtume mdogo wako na futi kamba, kisha aende TANROADS mkoani aulize mpaka uko wapi, kabla hajanunua hata tofali moja.