SOMO: Heshima ina sura nyingi

Katika kambi zetu makabila mengi huchota maji kwenye bomba moja. Ugomvi mwingine huanza kwa neno tu, si kwa ubaya.

Tuchukue mifano. Kwa Kinyarwanda, mzee mmoja husalimiwa kwa wingi: "Mwaramutse". Kifaransa nacho humwambia "vous". Lakini Kiswahili sanifu husema "wewe" kwa mtoto na kwa mzee. Heshima hukaa katika "baba", "mama", "mzee". Basi kijana anayeandika orodha ya mgao akiuliza "Wewe unaitwa nani?", mzee aweza kusikia dharau isiyokusudiwa. "Baba, jina lenu nani?" huponya.

Tanzania, ambako Wakongo wengi walikimbilia kambi ya Nyarugusu tangu 1996, mzee hungojea "Shikamoo". Kijana akimwambia "Jambo" tu, huonekana hana adabu.

Viongozi, kabla ya kukata shauri ulizeni: Neno gani lilisemwa? Katika lugha ya msemaji lina maana gani? Aliyelisikia alielewa nini?

Kwa mazungumzo: Jirani yako husalimiaje wazee? Jifunze salamu hiyo wiki hii.