Ujira wa Mchuma Chai

Wilayani Rungwe chai huchumwa majani mawili na chipukizi, husindikwa viwandani kama kile cha Katumba, kisha huuzwa ng'ambo. Bei yake kwa miaka mingi ilitegemea mnada wa Mombasa, si jasho la mchumaji. Je, bei ikishuka, tajiri aweza kupunguza ujira apendavyo? La! Baba Mtakatifu Leo XIII, katika Rerum Novarum (1891), alifundisha kwamba ujira sharti umtoshe mfanyakazi mwadilifu kwa riziki yake. Akiridhia kidogo kwa sababu ya shida, hiyo ni dhuluma. Mfanyakazi naye atimize kazi kwa uaminifu. Nawe, Mkristo mwenye shamba dogo, umewalipaje vibarua wako?